Kuchunguza Kifo cha Kazini Shambani: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Trekta likipinduka na kumuua dereva, ripoti nyingi huishia kwenye maneno matatu: uzembe wa dereva. Maneno hayo hufunga jalada haraka, lakini hayaelezi trekta lilipinduka kwa nini, wala kwa nini mtu aliyekuwa ameketi kwenye kiti alikutwa chini ya tairi. Marehemu hawezi tena kujitetea. Kinachobaki kumsemea ni mwili wake na mashine aliyokuwa akiitumia, na viwili hivyo lazima visomwe pamoja. Daktari anayepasua maiti bila kuona picha za mashine anafanya nusu ya kazi, na fundi anayekagua mashine bila kujua majeraha yako wapi naye anafanya nusu yake.

Shirika la Kazi Duniani huhesabu kilimo miongoni mwa sekta tatu zenye hatari kubwa zaidi, pamoja na ujenzi na uchimbaji madini, na mwaka 2001 lilipitisha Mkataba namba 184 mahsusi kwa usalama na afya katika kilimo. Hata hivyo kifo cha shambani mara nyingi hupewa uchunguzi mwepesi kuliko cha kiwandani. Shamba liko mbali, mwenye mashine pengine ni ndugu wa marehemu, na msimu haungoji mtu. Mwongozo huu ni wa mpelelezi wa polisi, mkaguzi wa usalama kazini na daktari, yaani wale wanaofika eneo la tukio wakiwa na haki ya kuuliza.

Hatua ya 1: Usiongeze maiti

Simama mbali kwanza, utazame kilichoua. Je, bado kinaweza kuua?

Shimo la samadi ndilo linalonitia hofu kuliko yote, kwa sababu huua watu kwa mfuatano: mmoja anaanguka, wa pili anashuka kumtoa, wa tatu anamfuata. Gesi ya haidrojeni salfaidi hutoka kwa wingi samadi inapokorogwa, nayo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutuama chini. Ikiwa kidogo hunuka kama yai viza. Ikifika sehemu 100 hivi kwa milioni huzima uwezo wa pua kunusa, na ikikaribia 1,000 mtu huanguka baada ya pumzi chache tu. Kwa hiyo kutosikia harufu si uthibitisho wa usalama. Kitambaa puani hakisaidii, na barakoa ya vumbi vilevile. Anayeshuka awe na kifaa cha kupumulia chenye hewa yake mwenyewe, amefungwa kamba, na kipimo cha gesi kiwe kimeshashushwa kabla yake. Asiyekuwa na vifaa hivyo asubiri kikosi cha uokoaji.

Kwenye umeme, hakikisha fundi wa mamlaka husika amekata laini na kukuthibitishia. Kwenye mashine, chochote kilichoinuliwa kwa haidroliki kitegemezwe kabla mtu hajapita chini yake. Mwili uliolowa viuatilifu usiguswe kwa mikono mitupu, maana oganofosfati, kundi la viuatilifu vyenye sumu kali, hupenya kwenye ngozi ya mchunguzi kama zilivyopenya kwenye ngozi ya marehemu. Na aliyemeza vidonge vya alumini fosfaidi, vile vya kufukizia nafaka, tumbo lake linaweza kuendelea kutoa gesi yenye sumu ya fosfini hata mochwari. Mpasulieni kwenye chumba chenye hewa ya kutosha.

Hatua ya 2: Uliza nani alizima injini

Kabla ya kupiga picha yoyote, jua eneo limeshaguswa kiasi gani. Waokoaji wamesogeza mashine, na ni haki yao kufanya hivyo, maisha kwanza. Lakini swali la "nani alizima injini, na alizimaje?" linafungua mengi. Aliyezima amegusa ufunguo, pengine amesukuma gia, pengine amekanyaga klachi. Andika jina lake na alichogusa kwa mpangilio alioufuata, siku ileile, kabla hajaanza kusimulia tukio kama wanavyolisimulia wenzake.

Kisha piga picha, kutoka mbali kuja karibu, na rula iwe ndani ya kila picha ya karibu. Kwenye trekta andika: gia iko namba ngapi, mkono wa kuwashia shafti ya PTO (fito inayopeleka nguvu ya injini kwenye mashine inayokokotwa) umewashwa au umezimwa, mkono wa mafuta umevutwa kiasi gani, pedali mbili za breki zimeunganishwa kwa komeo lake au kila moja iko peke yake, mita ya saa za injini inasoma ngapi. Utazame na mkanda wa kiti. Mkanda uliofungwa fundo nyuma ya kiti na kujaa vumbi ni ushahidi wa miezi mingi, wakati mkanda uliokatika juzi una nyuzi safi.

Pima mteremko kwa digrii, si kwa macho. Fuata alama za tairi kurudi nyuma hadi zinapoanza kupinda, uchore ramani yenye vipimo. Fanya haya kabla mvua haijanyesha na kabla mifugo haijapita. Mwenye shamba atakuomba mashine yake mapema, naye hana nia mbaya, anaogopa kupoteza mavuno. Mweleze wazi utakaa nayo mpaka lini, halafu usiende kinyume na ahadi hiyo.

Hatua ya 3: Soma mashine

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi.

Kupinduka kwa trekta kuna maswali mawili yanayopaswa kutenganishwa: trekta lilipinduka kwa nini, na dereva alikufa kwa nini. Jibu la kwanza laweza kuwa shimo lililofichwa na majani. Jibu la pili karibu kila mara linahusu fremu ya kinga, yaani vyuma vinavyosimama juu ya kiti ili trekta likipinduka lisimlalie dereva. Mwaka 1959 Uswidi ilianza kudai matrekta yote mapya yawe na fremu hiyo, na vifo vya kupinduka vikashuka sana katika miaka iliyofuata. Kwa hiyo fremu inapokosekana, ripoti iitaje kama sababu ya kifo. Na inapokuwepo, angalia kama ilikuwa imekunjwa. Fremu za kukunja hulazwa ili trekta lipite chini ya matawi au mlango mfupi, kisha husahaulika. Pini iliyoshika kutu kwenye tundu la kulaza ni jibu tosha.

Trekta linalopinduka kurudi nyuma humaliza safari yake kwa takriban sekunde moja na nusu, na dereva ana chini ya sekunde moja ya kutambua na kukanyaga klachi. Ukisikia mtu anauliza kwa nini hakuruka, mpe hesabu hiyo. Angalia mzigo ulifungwa wapi. Mnyororo ukifungwa juu kuliko chuma cha kukokotea, badala ya kufungwa kwenye chuma chenyewe, nguvu ya kuvuta huinua pua ya trekta. Tafuta mikwaruzo mipya ya mnyororo kwenye chuma. Angalia pia kama magurudumu ya nyuma yalikuwa yamekwama kwenye tope na mtu akayafungia gogo ili yajikwamue. Tairi likishindwa kuzunguka, trekta lenyewe ndilo hulizunguka.

Kupinduka ubavuni kuna sababu nyingine: ndoo ya mbele imeinuliwa juu ikiwa na mzigo, ukingo wa mtaro umemeguka, magurudumu yamewekwa karibukaribu, au breki moja imeshika peke yake barabarani kwa sababu pedali hazikuunganishwa. Ndiyo maana lile komeo dogo la pedali halipaswi kukosekana kwenye picha zako.

Sasa shafti ya PTO, ile fito ya chuma inayotoka nyuma ya trekta na kuipa nguvu mashine inayokokotwa. Mwendo wake wa kawaida ni mizunguko 540 kwa dakika, sawa na 9 kwa sekunde. Nyingine huenda 1,000. Shafti yenye unene wa sentimita 7 inayozunguka mara 9 kwa sekunde huvuta karibu mita mbili za nguo katika sekunde hiyo moja. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kushindana nayo. Nguo ikiwa bado imejiviringisha, usiifumue. Ipige picha pande zote, andika imezunguka kuelekea wapi, kisha kata upande ulio mbali na mahali iliponasa, ili tabaka la kwanza kabisa libaki limeshikilia kilichoidaka. Mara nyingi utakuta ni bolti iliyochongoka, iliyowekwa na fundi mahali pa pini halisi.

Halafu kinga ya plastiki ya shafti. Ipo? Inazunguka huru au imeganda na shafti? Mnyororo wake wa kuizuia umefungwa? Kama imepasuka, tazama ukingo wa ufa kwa lenzi. Ufa wa siku nyingi umepauka kwa jua na umebeba grisi na vumbi. Ufa wa leo una rangi ya plastiki ya ndani. Tofauti hiyo ndiyo inayoonyesha kama kinga ilivunjika kwenye tukio, au kama watu walifanya kazi kwa muda mrefu bila kinga na msimamizi akijua.

Kuna kifo kingine ambacho wengi huandika "alikanyagwa na trekta" bila kueleza zaidi. Mtu amekutwa chini, tairi la nyuma limempitia, hakuna aliyekuwa kwenye kiti. Nenda kwenye stata, ile mota ndogo inayowasha injini. Swichi ikiharibika au betri ikidhoofika, wapo wanaowasha injini kwa kugusanisha vichwa viwili vya stata kwa bisibisi, wakiwa wamesimama chini, mbele ya tairi la nyuma. Njia hiyo huruka swichi ya usalama inayozuia injini kuwaka ikiwa kwenye gia. Kama gia imeingia, trekta linaondoka papo hapo. Utaona vichwa vya stata vimechimbika na kuungua, na karibu yake bisibisi yenye ncha iliyoyeyuka upande mmoja. Ukikuta alama nyingi, za zamani zimeshika kutu na mpya zinang'aa, ujue huo ulikuwa mtindo wa kila siku. Swali linalofuata ni nani alijua swichi ni mbovu na aliambiwa lini.

Hatua ya 4: Soma mwili ukiwa na picha za mashine mkononi

Eneo la tukio, andika mwili umelalaje, damu imetuama upande gani, mwili umekakamaa kiasi gani, na joto la mwili na la hewa. Nguo zibaki mwilini. Zikiondolewa baadaye zikaushwe kivulini, zifungwe kwenye karatasi, kila moja peke yake.

Aliyebanwa kifua na uzito mkubwa mara nyingi ana majeraha machache kuliko watu wanavyotarajia. Uso na shingo huwa na rangi ya zambarau iliyoiva, na vijidoa vya damu hutapakaa kwenye macho na ngozi ya uso, juu ya mahali alipobanwa. Dalili hizo husema alikosa hewa kwa sababu kifua hakikuweza kupanuka, na hilo halitokei kwa kufumba na kufumbua. Hapo uchunguzi unapata swali jipya: alikuwa akifanya kazi peke yake? Alikuwa na simu? Nani alitarajiwa kumtafuta, na saa ngapi?

Alama za tairi kwenye ngozi zipimwe umbali kati ya jino na jino, zilinganishwe na tairi lenyewe. Aliyeanguka kifudifudi kwenye mfereji achunguzwe njia ya hewa: tope lililofika ndani kabisa ya mapafu linaonyesha alikuwa bado anapumua. Vivyo hivyo kwa aliyezama kwenye silo ya nafaka. Nafaka inayotolewa kwa chini humvuta mtu na kumfunika kabisa kwa takriban sekunde 20, na punje hukutwa kwenye koo na matawi ya mapafu. Hapo mchunguzi aulize nani alikuwa kwenye swichi ya mtambo wa kutolea nafaka.

Ugonjwa wa moyo ni mtego. Ukikuta mishipa ya moyo imeziba kwa sehemu, si ruhusa ya kuandika kwamba alikufa kwanza kisha trekta likapinduka. Watu wengi huendesha matrekta miaka mingi wakiwa na mishipa ya namna hiyo. Majeraha yaliyovuja damu kwenye nyama yanaonyesha moyo ulikuwa ukipiga wakati wa kuumia, nawe uyapime yote hayo pamoja na alama za tairi: dereva aliyepoteza fahamu kwa kawaida hafungi breki wala hakati kona.

Umeme unaweza usiache alama yoyote, hasa ngozi ikiwa imelowa. Ukishuku, chunguza viganja na nyayo kwa makini, kisha uende kwenye kitu alichoshika. Bomba refu la alumini la umwagiliaji lililosimamishwa chini ya nyaya huwa na kitone kilichoyeyuka kwenye ncha. Joto kali nalo halina alama yake maalumu kwenye upasuaji. Kama joto la ndani la mwili halikupimwa mapema, ushahidi wako ni historia: alianza kazi lini, maana walio katika siku za kwanza za kazi ya juani ndio huathirika zaidi, alikunywa maji kiasi gani, alipumzika wapi. Kwa aliyeumwa na nyuki, hesabu miiba na omba kipimo cha triptesi, kimeng'enya kinachopanda kwenye damu mtu akipata mzio mkali.

Hatua ya 5: Chukua sampuli sahihi kwa chupa sahihi

Makosa mengi yasiyorekebishika hutokea hapa. Damu ya kupima pombe itoke kwenye mshipa wa paja, iwekwe kwenye chupa yenye floridi, kemikali ya kuhifadhi damu, na iambatane na majimaji ya jicho, kwa kuwa mwili unaooza hutengeneza pombe yake wenyewe. Lakini damu ya kupima kolinesterasi, kimeng'enya kinachoshuka kwa sumu ya oganofosfati, isiwekwe kwenye chupa hiyohiyo. Floridi huzuia kimeng'enya hicho, na maabara itakupa jibu la sumu ambayo pengine haikuwepo. Tumia chupa mbili, uziandike lebo wazi na kuziweka kwenye baridi.

Kwa viuatilifu usikurupuke kusema alijiua, wala usilifiche hilo kama ushahidi unaelekea huko. Linganisha tumbo na ngozi. Bomba la kunyunyizia linalovuja huacha dawa mgongoni na kiunoni. Dawa iliyohamishiwa kwenye chupa ya soda isiyo na lebo humezwa na mtu mwenye kiu. Chukua chupa, bomba, pua ya bomba, na maji ya ndoo aliyochanganyia.

Kwa shimo la samadi, omba kipimo cha thiosalfeti, kemikali ambayo mwili huitengeneza kutokana na haidrojeni salfaidi, kwenye damu na mkojo, uchukue mapema kwa sababu kuoza huzalisha salfaidi. Sarafu zilizogeuka nyeusi mfukoni mwa marehemu ni dalili ndogo inayostahili picha. Kisimani, ambako pampu ya petroli imewashwa ndani, fikiria kaboni monoksidi na utazame kama damu iliyotuama ni nyekundu kama cheri.

Na usiisahau silo ya malisho. Malisho mabichi yakishindiliwa hutoa nitrojeni dioksidi, yenye rangi ya manjano hadi kahawia, nyingi zaidi katika siku tatu za mwanzo, na hatari hubaki kwa wiki tatu hivi. Mfanyakazi anaweza kutoka akikohoa, akapata nafuu, kisha akafa saa nyingi baadaye mapafu yakiwa yamejaa maji. Kifo kama hicho hutokea nyumbani au hospitali, na hakuna anayekihusisha na kazi. Mbele ya mapafu yaliyojaa maji bila sababu, uliza alikuwa wapi siku mbili zilizopita.

Hatua ya 6: Zungumza na watu, mmoja mmoja

Wahoji mbali na mwajiri. Vibarua wa msimu, wahamiaji na watoto huogopa kupoteza ujira au makazi, na pengine mmoja wao hana kibali. Waeleze wewe hutafuti karatasi zao, na utimize neno lako. Badala ya kuuliza nani alikosea, sema: nionyeshe mnavyofanya kazi hii kila siku. Mtu akionyesha kwa mikono hutoa mambo ambayo asingeyasema kwa mdomo, kama vile kuingiza mkono kwenye mashine inayozunguka ili kutoa majani yaliyokwama. Kisha uliza kwa nini haizimwi. Labda hulipwa kwa kipande, labda injini ikizimwa haiwaki tena. Mkataba 184 unampa mfanyakazi haki ya kujiondoa kwenye hatari bila kuadhibiwa. Tafuta kama hapo kuna aliyewahi kuitumia na kilichompata.

Nyaraka zichukuliwe siku ileile: matengenezo, mafunzo, orodha ya malipo, risiti za vipuri, rekodi za unyunyiziaji, hali ya hewa.

Hatua ya 7: Jenga upya tukio, kisha andika

Mwaka 1970 daktari Mmarekani William Haddon alipendekeza jedwali linalofaa kazi hii hadi leo: kabla ya tukio, wakati wa tukio na baada ya tukio, na katika kila kipindi umwangalie mtu, mashine na mazingira. Lijaze. Visanduku vitakavyobaki vitupu ndivyo vitakavyokuonyesha mahali ambapo hukuuliza. Kisha andika maelezo yote yanayowezekana, hata yale usiyoyapenda, na uoneshe kila moja limekataliwa na ushahidi gani.

Lugha ya ripoti iwe ya mambo yaliyoonekana. Badala ya "marehemu alizembea kwa kuvaa nguo pana", andika: "Koti la mvua lilinaswa na bolti iliyochomoza milimita 22 kwenye shafti. Kinga ya plastiki haikuwepo. Mabaki ya mnyororo wake yana kutu. Mashahidi wawili wanasema haikuwepo tangu msimu uliopita. Uchunguzi wa maiti umekuta majeraha ya kuviringishwa upande wa kulia, yanayolingana na mzunguko wa shafti." Vipimo hivyo ni vya mfano, lakini umbo lake ndilo la kufuata. Msomaji wa aya hiyo ataona mwenyewe wajibu ulikuwa wa nani.

Kabla ya kuitoa mashine, zipe pande zote, kwa maandishi, nafasi ya kuikagua, na ubaki na vipande vyenye ushahidi: shafti, stata, mkanda, pini. Soma matokeo kwa familia ana kwa ana, kwa lugha wanayoielewa, kabla hawajayasikia mahakamani au kwa jirani. Nakala iende kwa ofisi ya ukaguzi wa kazi, na kwa mtengenezaji kama kasoro ni ya muundo. Siku hiyohiyo pita kwenye mashine nyingine zote za shamba hilo, uangalie stata na kinga za shafti. Utakayoikuta mbovu, chukua ufunguo wake na uandike amri ya kuisimamisha kabla hujaondoka.